Blogu Huru kwa Wasanii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wachoraji, wachongaji, wapiga picha, wafinyanzi, wanamuziki, washairi na wengine wote waliochoka kuona kazi ya mwezi mzima ikipita machoni mwa watu kwa sekunde mbili kisha ikazama. Maswali ni yale ambayo wasanii huyarudia kila mazungumzo haya yanapoanza. Anza popote. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya mwanzo

Blogu huru ni nini hasa?

Ni tovuti yenye anwani yako mwenyewe, unapoweka kazi na maandishi yako kwa mfuatano wa tarehe, na ambayo unaweza kuihamisha kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila kumwomba mtu ruhusa. Kikubwa hapo ni anwani. Programu unayoandikia inaweza kubadilika, seva inaweza kubadilika, hata sura ya ukurasa unaweza kuibadilisha kila mwaka. Maadamu anwani ni yako, aliyehifadhi kiungo chako mwaka juzi atakufikia na leo.

Ukitaka kupima ulichonacho sasa, jiulize: kampuni inayonihudumia ikifungwa kesho, naweza kuchukua maandishi, picha na anwani nikaenda navyo kwingine, na msomaji asione tofauti? Kama huwezi, hiyo ni akaunti tu, hata kama inaonekana kama tovuti.

Mitandao ya kijamii ina ubaya gani? Mbona wasanii wengi wamefanikiwa huko?

Wamefanikiwa kweli, na hakuna haja ya kulikana hilo. Tatizo ni kwamba mafanikio hayo yamesimama juu ya kanuni ambazo msanii hazitungi yeye, na hubadilishwa bila yeye kuulizwa. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilionyesha picha kwa mfuatano wa muda: aliyekufuata aliona ulichoweka. Mwaka 2016 mpangilio ukakabidhiwa algoridhimu, yaani programu inayoamua nani aone nini, na tangu hapo mtu anaweza kuwa amekufuata kwa hiari yake na bado asione kazi yako hata moja. Baadaye video fupi zikapewa kipaumbele, wachoraji wakajikuta wanajirekodi wakichora ili tu mchoro uonekane.

Na hiyo ni pale mtandao unapoendelea kuishi. GeoCities, iliyokuwa na mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa mwaka 2009. Vine ilifungwa mwanzoni mwa 2017, Google+ mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa humo hadi mwaka 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Kwa wanamuziki wengi, humo ndimo ilimokuwa nakala pekee ya nyimbo zao za mwanzo. Desemba 2018 Tumblr ilipiga marufuku maudhui ya watu wazima na kuwaachia mashine kazi ya kuyachuja. Michoro na picha nyingi zisizo na kosa lolote zikafungiwa pamoja na zile zilizolengwa.

Mitandao hiyo haikuanzishwa ili kuwadhulumu wasanii. Ilianzishwa ili kuuza matangazo, na kazi yako ndiyo kinachowafanya watu wakae hapo kuyaona. Kuhifadhi kazi za maisha yako hakumo katika majukumu yake.

Watu bado wanasoma blogu?

Wanasoma, ila si kwa namna ile ya kupitisha kidole. Wanaofika kwenye blogu ya msanii kwa kawaida wametumwa na haja: mnunuzi aliyeona kazi yako mahali akataka kujua wewe ni nani, mwandaaji wa maonyesho anayetaka kuona ulichofanya kwa miaka mitatu mfululizo, mwalimu anayetafuta mfano wa kuwaonyesha wanafunzi, msanii mwenzako aliyekwama. Posti moja ya mfinyanzi inayoeleza kwa nini mpini wa kikombe hupasuka pale unapoungana na mwili wa chombo, na namna ya kuukausha taratibu ili usipasuke, itaendelea kutafutwa na kusomwa miaka baada ya kuandikwa.

Kwa hiyo idadi itakuwa ndogo kuliko uliyozoea kuona mitandaoni, nami nadhani ni vizuri kulijua hilo mapema. Utakachopata ni watu wanaosoma mpaka mwisho, kisha wakakuandikia.

Nina tovuti ya kuonyesha kazi zangu. Haitoshi?

Inatosha kumwonyesha mtu ulichotengeneza. Haimwambii ulifikaje hapo, wala haimpi sababu ya kurudi mwezi ujao. Weka vyote viwili kwenye anwani moja: ukurasa wa kazi zilizokamilika, na blogu pembeni yake.

Nikianzisha blogu, nifute akaunti zangu za mitandao?

Hapana, isipokuwa zinakuumiza. Kinachobadilika ni mpangilio: kazi inawekwa kwanza kwako, halafu nakala au dondoo inapelekwa mitandaoni ikiwa na kiungo cha kurudi. Jumuiya ya IndieWeb, ya watu wanaomiliki tovuti zao wenyewe, iliyoanza kukutana mwaka 2011, imekuwa ikiutetea utaratibu huo kwa miaka mingi, na faida yake unaiona siku mtandao mmoja unapofungwa: unapoteza tangazo, kazi yenyewe inabaki ilipo.

Anayetaka kuondoka kabisa na aondoke kwa mpangilio. Pakua kumbukumbu za akaunti yako (mitandao mikubwa ina sehemu ya kuomba nakala ya data zako), hamishia kwenye blogu posti zile zenye thamani ukiziwekea tarehe zake za awali, acha anwani yako mpya kwenye wasifu kwa miezi kadhaa, ndipo ufunge.

## Kuanzisha

Nahitaji vitu gani?

Vitatu: domeni, yaani anwani; seva, yaani mahali faili zitakapokaa; na programu ya kuandikia. Domeni hulipiwa kila mwaka. Seva unaweza kulipia au kupata bure ukianza kidogo. Programu nyingi nzuri ni za bure.

Nichague domeni ipi, na nijihadhari na nini?

Chukua jina lako au jina lako la kisanii, ambalo mtu akilisikia mara moja ataliandika bila kuuliza herufi. Epuka vistari na tarakimu. Epuka pia jina linalokufunga kwenye fani moja: anayejiita mchoraji leo huenda akawa mchongaji kesho.

Hatari kubwa iko kwenye usajili. Mara nyingi msanii hutengenezewa tovuti na fundi au rafiki, na domeni inasajiliwa kwa jina na baruapepe ya huyo aliyetengeneza. Wakikosana, au fundi akibadilisha namba asipatikane tena, msanii anagundua kwamba anwani iliyochapwa kwenye kadi zake si mali yake. Sajili mwenyewe, kwa baruapepe unayoifungua kila siku, kisha mpe fundi nafasi ya kufanya kazi ndani yake. Weka nenosiri refu na uthibitisho wa hatua mbili. Washa malipo ya kujirudia, au lipia miaka kadhaa kwa mkupuo. Domeni nyingi, zikiwemo za .com, zinaweza kulipiwa hadi miaka 10.

Domeni ya .com ikipita tarehe yake haipotei siku hiyohiyo. Kwa kawaida kuna muda wa kulipa bila adhabu, halafu siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa zaidi, na baada ya hapo inafutwa na kurudi sokoni. Wapo wanaozivizia domeni za namna hiyo na kuzijaza matangazo. Domeni za kila nchi zina kanuni zake, zisome kabla hujalipa.

Ushauri mmoja ambao wengi huupuuza: usinunue domeni na seva kwa kampuni moja. Ukigombana na wenye seva, unaielekeza domeni kwingine na maisha yanaendelea.

Programu ipi ni bora?

Ile utakayoweza kuifungua usiku ukiwa umechoka, ukaandika aya tatu na kuzichapisha bila kuhangaika. Nasema hivyo kwa sababu wasanii wengi hupoteza miezi wakilinganisha programu, na mwisho hawaandiki kitu.

WordPress, iliyotoka mwaka 2003, ndiyo inayotumiwa na wengi zaidi. Ni programu huria, ina sura za kila aina, na mafundi wanaoijua ni wengi. Inadai uangalizi: usipoisasisha pamoja na viongezi vyake, wavamizi wanapata mlango. Tofautisha programu hiyo, unayoweza kuiweka kwenye seva yoyote, na WordPress.com, huduma ya kampuni yenye jina linalofanana nayo. Ghost, ya mwaka 2013, inawafaa wanaotaka blogu na jarida la baruapepe katika kitu kimoja. Blogger ipo tangu 1999 na ni mali ya Google tangu 2003. Ni ya bure na inakubali domeni yako, ila uhai wake uko mikononi mwa kampuni moja.

Kisha kuna tovuti tuli, zinazotengenezwa kwa zana kama Hugo, Jekyll au Eleventy. Matokeo yake ni faili za kawaida zisizo na hifadhidata nyuma yake, kwa hiyo zinafunguka haraka, hazina mengi ya kuvamiwa, na unaweza kuzibeba zote kwenye flashi. Mwanzo wake ni mgumu kidogo kwa asiyezoea. Aliye tayari kujifunza mwenyewe HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, anaweza kuanzia Neocities, iliyoanzishwa mwaka 2013 ili kurudisha kurasa za watu binafsi, na nimeona wachoraji wakifanya mambo mazuri sana humo, kurasa zenye sura ambazo hakuna kiolezo kingeweza kuzitoa.

Naweza kuendesha blogu kwa simu tu?

Ndiyo. WordPress ina programu yake ya simu, na nyingi zilizobaki hufanya kazi kwenye kivinjari. Tovuti tuli ndizo zinazosumbua bila kompyuta.

## Kuandika

Mimi ni msanii, si mwandishi. Niandike nini?

Andika kile ambacho ungemwambia msanii mwenzako akisimama nyuma yako unapofanya kazi. Hapo utaona kwamba hukosi maneno hata kidogo.

Chukua mtu anayechapa picha kwa kuchonga linoleamu. Mtandaoni angeweka chapa iliyokamilika na mstari mmoja wa maneno. Kwenye blogu anaweza kuweka picha tatu. Ya kwanza ni chapa ya majaribio ambapo wino ulipakwa mzito, mistari myembamba ya nywele ikaziba na uso ukawa doa jeusi. Ya pili ni bamba lenyewe likiwa limepigwa mwanga wa pembeni, unaona pale kisu kilipoteleza karibu na sikio. Ya tatu ni chapa nzuri, na kosa la kisu limeachwa makusudi kwa sababu lilifanana na kivuli. Chini yake aya nne: karatasi aliyotumia, kwa nini alipunguza wino, alichofikiria kuhusu lile kosa, na kitu gani bado hakimridhishi. Hiyo ni posti kamili. Mnunuzi akiisoma anajua analipia nini, na mwanafunzi anajifunza jambo ambalo vitabu huliruka.

Mengine yasiyochosha: kazi uliyoiacha na kwa nini uliiacha, kazi ya zamani unayoiona tofauti leo, zana iliyokuvunjikia na uliyonunua badala yake, maonyesho uliyoyatembelea na kitu kimoja tu kilichokukaa, swali uliloulizwa na mteja ukashindwa kulijibu palepale. Mwanamuziki aandike wimbo ulivyobadilika kati ya rekodi ya kwanza na ya mwisho. Mshairi aweke ubeti alioukata.

Si nitakuwa natoa siri zangu za kazi?

Anayeweza kukuiga kwa kusoma aya nne angeweza kukuiga hata bila kuzisoma. Mkono ndio unaochukua miaka. Ila kama una jambo moja ambalo ndilo riziki yako, mchanganyiko fulani wa rangi ya kung'arisha vyungu kwa mfano, huna deni la kumweleza mtu yeyote.

Nichapishe mara ngapi?

Unapokuwa na kitu. Hakuna algoridhimu itakayokuadhibu kwa kukaa kimya, na anayekufuata kwa RSS au baruapepe (eneo la tano hapa chini) atapata taarifa hata ukiandika mara mbili kwa mwaka.

Niandike kwa lugha yangu au kwa lugha yenye wasomaji wengi?

Kwa lugha unayoota nayo. Maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwa lugha ya kuazima hutoka yamekakamaa, na hufanana na maelezo ya kila mtu mwingine. Ukitaka kuwafikia wa mbali, ongeza muhtasari mfupi wa lugha ya pili chini ya posti, au tafsiri zile posti chache zinazokuingizia kazi.

Nionyeshe kazi ambayo haijakamilika?

Kama kuonyeshwa hakukuvunji moyo wa kuimaliza. Wapo ambao wakishaisimulia kazi, hamu inaisha. Hao wasubiri wamalize, wakiwa na picha za hatua walizopiga njiani.

## Picha, sauti na video

Picha ziwe na ukubwa gani?

Picha ya kamera au ya simu mpya inaweza kuwa na megabaiti 5 hadi 10. Ukiweka sita za hivyo kwenye posti moja, msomaji mwenye mtandao wa polepole ataondoka kabla ya kuona ya kwanza. Punguza upande mrefu ubaki pikseli 1600 hadi 2000, ihifadhi kama JPEG au WebP, na mara nyingi utashuka chini ya kilobaiti 400 bila jicho kugundua. Michoro yenye mistari mikali na rangi bapa hupendeza zaidi kwa PNG. Faili kubwa ya asili ibaki kwako (kuhusu nakala za akiba, tazama eneo la mwisho).

Badilisha pia jina la faili kabla ya kupakia. "IMG_4032" haimwambii mtu kitu, wala haiusaidii mtambo wa kutafuta. Jina la kazi na mwaka wake vinatosha.

Kwa nini rangi zinabadilika nikishapakia?

Kwa kawaida ni kwa sababu picha ilihifadhiwa kwenye wigo mpana wa rangi, kama Adobe RGB, na wasifu wa rangi ukapotea njiani. Kivinjari kikikosa wasifu huichukulia picha kuwa ni sRGB, wigo wa kawaida wa mtandaoni, na nyekundu iliyokuwa inawaka inapoa. Badilisha kuwa sRGB kabla ya kupakia, na uache wasifu ndani ya faili. Hata hivyo skrini za watu hazifanani. Kwa mnunuzi anayejali rangi halisi, andika majina ya rangi ulizotumia.

Maelezo yanayoandikwa nyuma ya picha (alt text) ni ya nini?

Ni maneno yanayosomwa kwa sauti na programu za wasioona, na yanayoonekana picha ikigoma kufunguka. Kwa msanii hili si jambo dogo: ndiyo nafasi ya pekee ya mtu asiyeona kukutana na kazi yako. Usiandike "mchoro" ukaishia hapo. Andika: "Mwanamke mzee ameketi kizingitini, mikono imelala magotini, mwanga wa jioni unamwingia kutoka kushoto na kuacha nusu ya uso gizani. Rangi ya mafuta kwenye turubai." Sentensi mbili zinatosha. Ukizizoea, utaona zinakunolea hata jicho lako mwenyewe.

Picha zangu zinaweza kufichua ninapoishi?

Ndiyo. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili, na si kila programu ya blogu hufuta taarifa hizo. Zima kipengele cha kurekodi mahali kwenye kamera ya simu, au zifute taarifa hizo kabla ya kupakia. Ukifanyia kazi nyumbani na una vitu vya thamani hapo, usilichukulie hili kirahisi.

Na video na sauti?

Ni nzito, na seva ndogo haziwezi kuzibeba. Ziweke kwenye huduma ya video au ya muziki na uzipachike kwenye posti, lakini andika chini yake maelezo yanayojitosheleza, ili huduma hiyo ikifungwa posti isibaki tupu.

## Kuwafikia wasomaji

Bila algoridhimu, nani atajua kwamba nipo?

Mwanzoni ni wachache, na hao utawaleta mwenyewe. Weka anwani kila mahali ambapo jina lako linaonekana: nyuma ya kazi, kwenye kadi, kwenye saini ya baruapepe, kwenye wasifu wa mitandao, kwenye kibandiko cha maonyesho. Kisha waandike wenzako. Ukisoma posti ya msanii mwingine ikakugusa, iandikie posti yako na uweke kiungo. Mwenyewe atafika, na wasomaji wake watakuja nyuma yake. Blogu zilisambaa hivyo tangu mwanzo, kwa viungo kati ya mtu na mtu, na ukurasa wa "wasanii ninaowasoma" ni zawadi kwa msomaji na kwa unaowataja.

Mitambo ya kutafuta hufanya sehemu iliyobaki ukiisaidia kidogo. Kichwa cha posti kiseme kilichomo. "Tafakuri ya Jumanne" hakuna anayeitafuta. "Kuondoa ukungu kwenye ngoma ya ngozi" ina wanaoihitaji.

RSS ni nini, na bado inafanya kazi?

Ni faili ndogo ambayo blogu yako huitengeneza yenyewe, ikiorodhesha posti mpya. Msomaji anaiweka kwenye programu yake ya kusomea na kila ukichapisha inamfikia, kwa mfuatano wa tarehe, bila tangazo na bila kufungua akaunti popote. Ilianza mwaka 1999. Google ilipofunga Reader, programu yake ya kusomea RSS, Julai 2013 wengi walidhani imekufa, lakini programu nyingine zilichukua nafasi, na teknolojia ileile ndiyo inayosambaza podikasti mpaka leo. Hakikisha yako imewashwa na kiungo chake kinaonekana, na itoe posti nzima.

Nianzishe jarida la baruapepe?

Ukiweza, ndiyo, hata kwa watu thelathini. Orodha ya baruapepe ndiyo kitu cha pili unachokimiliki baada ya domeni: unaweza kuipakua na kuhama nayo. Omba ruhusa kabla ya kumwandikisha mtu, na weka kiungo cha kujitoa kwenye kila barua. Sheria za nchi nyingi zinadai hivyo. Usikusanye anwani kwenye kadi za wageni wa maonyesho ukawaandikisha kimyakimya.

Niruhusu maoni?

Ukiwa na muda wa kuyachuja. Vinginevyo weka baruapepe yako mwishoni mwa posti. Utapata majibu machache, ila marefu na ya dhati.

Nifuatilie idadi ya wasomaji?

Mara moja kwa mwezi, tena kwa swali moja tu: ni posti zipi watu wanafikia kwa kutafuta? Hizo ziboreshe. Ukiangalia kila saa umerudi kulekule ulikokimbia.

## Pesa na haki

Naweza kuuza kupitia blogu?

Ndiyo, na kwa kazi chache za mkono huhitaji duka zima la mtandaoni. Weka ukurasa wa kazi zilizopo, kila moja ikiwa na vipimo, malighafi, bei na namna ya kukufikia. Iliyouzwa iandike imeuzwa na uiache hapo, kwani mnunuzi hupata imani akiona wengine walishanunua. Kazi zikiwa nyingi au za kupakuliwa, hapo ongeza mfumo wa malipo.

Mtu akichukua picha zangu?

Hakimiliki ni yako tangu dakika uliyoiumba kazi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, uliosainiwa na nchi nyingi sana duniani, unaondoa sharti la kusajili kwanza, na unalinda kazi nyingi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada yake kama kiwango cha chini. Baadhi ya nchi zimeongeza miaka.

Ukigundua wizi, piga picha ya skrini yenye tarehe, mwandikie mhusika kwa utulivu, kisha iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yake. Nyingi zina utaratibu wa kuondoa kazi zilizoibiwa. Blogu inakusaidia hapa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu posti zako za hatua kwa hatua ni ushahidi ambao mwizi hana.

Nawezaje kuzuia kampuni za akili mnemba zisifundishe mashine zao kwa kazi zangu?

Kuzuia kabisa huwezi, kupunguza unaweza. Faili la robots.txt, utaratibu uliopendekezwa mwaka 1994, hukaa kwenye tovuti yako na kuziambia roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni kukusanya kurasa, zipi zisiingie. OpenAI ilitangaza mwaka 2023 kwamba roboti yake, GPTBot, itaheshimu faili hilo, na unaweza kuitaja humo pamoja na nyingine. Lakini hilo ni ombi, hakuna kufuli, na roboti isiyo na adabu itapita. Baadhi ya kampuni za seva huzuia roboti hizo kwa nguvu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wametoa Glaze na Nightshade, programu za bure zinazobadilisha picha kidogo ili mashine ishindwe kuuiga mtindo wako au ijifunze vibaya. Zitumie ukijua kwamba mapambano haya yanaendelea na kinga ya leo inaweza kuvunjwa kesho.

## Hali za pembeni

Nikivamiwa, au seva ikifa?

Utarudi kwa kadiri ya nakala za akiba ulizonazo. Wapiga picha wana kanuni nzuri: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Nakala ya kampuni ya seva usiihesabu kuwa yako. Mara moja kwa mwaka jaribu kuzifungua nakala zako mwenyewe, maana isiyofunguka haina maana. Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, huhifadhi kurasa nyingi za umma, na unaweza kuiomba ihifadhi zako, ila iwe tegemeo la mwisho.

Natumia jina la kisanii na sitaki nijulikane.

Washa huduma ya kuficha taarifa za msajili wa domeni, tumia baruapepe ya pekee, na rudia jibu kuhusu picha na mahali unapoishi. Kumbuka kwamba anayepokea malipo kwa kawaida hujulikana na benki na mamlaka za kodi.

Kazi zangu zina miili ya uchi au siasa. Blogu itaniokoa?

Kwa sehemu. Kampuni za seva, za domeni na za malipo nazo zina masharti, na zinaweza kukufungia. Yasome kabla ya kulipa, na chagua zinazoruhusu kazi yako kwa maandishi. Tofauti ni kwamba ukifukuzwa unahama na anwani yako, wasomaji wakaendelea.

Sisi ni kikundi. Domeni iwe ya nani?

Ya kikundi kilichosajiliwa kama kipo. Kama hakipo, ya mtu mmoja, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema nini kitatokea akiondoka. Nenosiri lijulikane na watu wawili. Kila msanii awe pia na nakala ya posti zake.

Nikifariki, blogu itakuwaje?

Bila maandalizi, itadumu mpaka malipo ya domeni yatakapokwisha, kisha itapotea kwa hatua zilizoelezwa kwenye jibu la domeni. Andika karatasi moja: domeni imesajiliwa wapi, seva iko wapi, malipo hutoka akaunti gani, nenosiri limehifadhiwa vipi, na unataka blogu ibaki, ifungwe au ikabidhiwe maktaba au chuo. Mpe mtu unayemwamini, na umweleze ana kwa ana. Ukiwa na WordPress, mwandalie pia toleo tuli la tovuti nzima, kwa kuwa hilo halihitaji kusasishwa na mtu yeyote mwenye seva anaweza kulipandisha kama lilivyo.